Kadudu ka Bahari na Kilio ya Baba

Mama wangu mupendwa,

Jambo Mama. Magoti inaendelea namna gani? Na dawa, unameza kweli, ao unaiweka tu mu kabati? Miye niko muzima, lakini niko na kasirani.

Mudogo yangu Serge aliniandikia asema: "Tangu Baba akufe, Mama iko anavaa nyeusi, mwaka wa pili sasa, anakungoja weye tu. Kadudu kako njo kanapita Baba?" Nililia mu labo, mbele ya batu.

Nikuelezee, Mama. Huku Ufaransa, juu ya majani ya bahari, nilipata bakteria, kadudu kenye macho tupu haiwezi kukaona. Nilikalinganisha na ndugu zake yote zenye kuyulikana. Hapana kufanana. Kapya! Lakini jina haikubaliwe mpaka kadudu kaishi mu nyumba mbili za kuchunga vidudu, mu inchi mbili. Njo sheria. Ya huku ilikubali. Ya pili? Ayo! Kachupa ya kwanza nilibatumia, batu ba douane, bale ba ushuru, baliiacha mu joto. Kakafa. Ya pili ilifika muzuri, bakakapanda mu chakula bila chumvi. Kadudu ka bahari! Ni sawa kumunyima mutu wa Likasi bukari, chakula yake ya kila siku, kiisha kumuuliza ju ya nini anakonda. Kakafa tena. Bakaandika: "Haioti. Tuma ingine." Hata pole, hapana.

Ya tatu iko mu njia. Shefu, mukubwa wa labo, anasema nisitoke mpaka jibu ifike. Nikitoka, mwingine atamaliza kazi na atachagua jina. Sikuwaambia bado, weye na Serge: jina nilichagua ni ya Baba.

Jana mu telefone ukasema: "Maliza kazi, mwanangu. Nguo haiumize." Inaumiza, Mama. Najua vile banakuangalia ku soko.

Leo asubui nilimuambia shefu: kwetu, mujane hatoshe kilio, havue nguo nyeusi, kama mutoto wa kwanza haiko. Akauliza kama haiwezi kufanyika mu video. Video! Nilitoka, nikalipa tiketi ya ndege.

Nitafika kabla ya mvua kuanza. Kadudu kakiota, bakape jina banapenda. Kakikufa, kakufe. Jina ya Baba, bajukuu banaibeba tayari. Ile nguo, weye peke yako njo unaibeba.

Munisalimie Baba mukubwa wa Kapolowe na mahindi yake, na tantine wa kwaya. Serge mumuambie nakuya kumuvuta sikio.

Miye mutoto wako wa kwanza,
Béatrice