Loki ya Mbele na Mnyororo wa Kaka Marko

Karatu, Jumapili, Aprili 1983

Ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro tangu asubuhi na mpaka sasa haujaondoka. Kanisani tumerudi tumelowa. Jumapili mchana magari hayaruhusiwi kutembea, tunabana petroli, kwa hiyo Landrova langu limesimama uani na tope lake la jana, nami nimekaa barazani nalitazama. Nina hasira. Sijui ni ya nani.

Hapana, najua.

Kesho asubuhi natakiwa kumpa jibu fundi Yusufu. Kuna mwindaji wa kule Loliondo anayerudi kwao, ameacha vifaa vyake gereji kwa Yusufu viuzwe, na kimojawapo ni loki ya difu, ile ya kujifunga yenyewe. Ni mpya, bado ina grisi ya kiwandani. Wapo wengine wanaoitolea macho, na Yusufu kanishikia mpaka kesho tu.

Difu ndiyo inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, ila inagawa kijinga. Gurudumu moja likiwa kwenye tope na lenzake kwenye udongo mkavu, nguvu yote inakwenda kwa lile linaloteleza. Linazunguka kama pia, na lile lenye mahali pa kukanyaga limetulia tu. Loki inayafunga yazunguke pamoja. Hii haina waya wala kitufe. Ukikata kona inaachia, ukinyoosha inashika, tak-tak-tak, unaisikia chini ya miguu.

Ingekuwa ya nyuma ningeshaichukua zamani. Lakini gari langu ni lile refu, difu yake ya nyuma ni kubwa na loki hii haiingii. Inaingia mbele tu, na mbele ndiko kwenye usukani.

Yusufu hakunificha. Alisema gari likivuta kwa magurudumu yote manne usukani utakuwa mzito, utataka kunyooka wakati mimi nataka kukata. Na kwenye njia iliyolala upande, magurudumu ya mbele yakiteleza kwa pamoja, pua ya gari inaelekea bondeni. Njia ya kupanda geti la Ngorongoro najua ilivyolala. Hata usingizini naiona.

Kwenye njia kavu dawa ipo. Unashuka, unafungua hab za mbele, vile vifungo vya katikati ya magurudumu, magurudumu yanakuwa huru na loki husikii hata kama ipo. Lakini madereva wa huku nani anashuka? Mvua ya kwanza ikinyesha tunazifunga hab, tukizifungua masika imekwisha. Barabara ya Oldeani ni moramu ngumu kidogo, tope, moramu tena. Ukishuka kila mara utafika na kiatu kimoja. Matairi yanalika, tunalalamika, na bado tunajiona wajanja.

Halafu usukani siushiki peke yangu. Elizabeti, mke wangu, ni muuguzi, na siku za kliniki ya watoto ndiye anayeendesha. Mikono yake si ya kupigana na usukani wa loki milima yote hii.

Ningeweza kuishia hapa nikajifanya tatizo ni gari.

Tatizo ni kwamba nakwama mahali pamoja tu. Ni kwenye korongo, chini ya nyumba ya kaka Marko. Ni kaka yangu wa tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Baada ya baba kufariki tuligombania mpaka wa shamba, na tangu hapo hatusalimiani. Kanisani yeye anakaa upande ule, mimi huu. Harusi ya binti yangu Neema hakuja.

Lakini kwetu gari likikwama chini ya nyumba ya mtu, mwenye maksai anashuka nao. Haulizi ni la nani. Wala humlipi, siku nyingine unapeleka sukari, kama imepatikana, na siku hizi haipatikani. Kwa hiyo Marko anashuka na koti lake la baba, anafunga mnyororo kwenye bampa bila kunitazama. "Weka gia." Naweka. "Taratibu." Maksai wanavuta, gari linatoka. "Achia." Anafungua mnyororo wake, anapanda kwake.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote tangu tugombane. Elizabeti anasema hiyo ndiyo ibada yetu.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Nikilikaribia korongo lile napunguza mwendo, pale pale ambapo kila dereva anajua hupunguzi, unakanyaga mafuta na kupita. Mimi naachia mguu. Gari linakaa. Nazima injini na kusubiri kumwona akishuka.

Na hapo hapo naona aibu kuvutwa kama gogo mbele ya abiria wangu. Ndiyo maana juzi kilabuni nilijigamba. Nilisema loki ikiingia sitahitaji tena mkia wa ng'ombe wa mtu. Watu walicheka, nami nikanogewa, nikarudia.

Maneno ya kilabuni hayakawii kupanda mlima. Jana nimekwama na magunia ya maharage na bibi wawili wa Oldeani. Marko kashuka, kafunga mnyororo, lakini hakusema niweke gia. Kasimama dirishani kwangu.

"Nasikia unaleta chuma cha kukutoa hapa."

"Nafikiria, kaka."

"Ni kizuri?"

"Wanasema kizuri."

"Basi chukua. Hawa maksai nao wamezeeka." Halafu ndiyo kasema, "Weka gia."

Nilipofika nyumbani na kushusha maharage, nimeukuta mnyororo wake nyuma ya magunia, umekunjwa vizuri. Marko si mtu wa kusahau vitu. Mwanamume huyo jembe lake likihamishwa kona moja anajua. Nilimwonyesha Elizabeti, akautazama, akaniambia, "Baba Neema, kaka yako amekuaga."

Iliniuma. Jana chakula sikukimaliza.

Leo nimefikiria sana. Nikiiacha loki ili niendelee kuvutwa, hiyo ni akili ya nani? Masika ikiisha korongo linakauka, tunarudi kuwa wageni mpaka mvua nyingine. Na siku Elizabeti amebeba mtoto mwenye degedege, mama yake analia kiti cha nyuma, hawezi kukaa kusubiri maksai wafungwe nira. Gari hili halifanyi kazi ya kutupatanisha. Limejaribu kwa muda mrefu na halikuweza.

Kwa hiyo naichukua. Usukani mzito nitauzoea. Kwenye moramu kavu tutashuka kufungua hab, mimi wa kwanza, hata kama nitarudi garini na tope mpaka magotini. Njia ya geti la Ngorongoro nitapita mwenyewe. Elizabeti hapana, na nimeshamwambia, na ameshanijibu kwamba tutaona.

Lakini hilo ni la kesho. Leo magari yamelala.

Nimeubeba mnyororo begani kuujaribu. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa anaushusha na kuupandisha. Nikitoka sasa nitafika kwake saa ya chai, nimelowa, bila gari na bila abiria. Mbwa watabweka, atatoka mlangoni na koti lile.

Ataniuliza gari limekwama wapi.

Nitamwambia halijakwama.