Alama za Bluu Tumboni

Jumatatu, 2 Machi
Sindano imeingia. Tumboni, kushoto leo, kwa sababu kulia kumejaa alama za bluu. Najichoma mwenyewe. Muuguzi wa dispensari ni kijana, siwezi kumfunulia kijana tumbo. 

Munganga wa hospitali alieleza kwa Kifaransa, nami nikamtafsiria Papa: mguu uliovunjika ukikaa kwenye plasta bila kusogea, damu inalala, inaganda. Bonge likipanda mpaka mapafuni, unakufa. Basi sindano kila siku, maji mengi, kuchezesha vidole, kusimama na magongo. Alisema pia alama za bluu ni kawaida. Hilo sikulitafsiri. Niliona haya kutaja tumbo mbele ya Papa.

Jumanne, 3 Machi
Tantine Béa, dada ya Papa, anatawala nyumba hii tangu Mama afariki. Nachukia kandambili zake zinavyoburuta. Nachukia anavyonilaza salon, chumba cha wageni, kama maiti inayongoja waliaji. Nikisimama na magongo anafoka kwamba nitavunja tena. Wageni wanakuja, wanakaa, wananiangalia. Nachezesha vidole chini ya kitenge. Leo mama mmoja ameviona, akauliza kama nina kifafa. Wote wakacheka. Natamani wote wavunjike miguu.

Alhamisi, 5 Machi
Tantine ameniona nikioga. Ameona tumbo. Hakuuliza kitu. Ametoka, amerudi na bamama wawili wa maombi. Wamenigeuzageuza kama samaki wa soko. Uamuzi: kuna muntu ananinyonya damu.

 Mwishowe nimesema, kwa sauti ya mbu, kwamba ni sindano tu.

"Njo mu sindano mulozi anapitiaka," amejibu. Yaani mchawi hupitia humo humo kwenye sindano.

Amezichukua zote. Ziko kanisani, zinaombewa. Na kuanzia kesho tunafunga kavu, siku tatu: hakuna bukari, ugali wetu, hakuna tone la maji. Mimi pia, eti vita ni yangu. Magongo yako chini ya kitanda chake. Papa yuko zamu ya usiku kiwandani, mchana analala. Ameambiwa ni maombi tu. Ameitika amina.

Namchukia yeye pia. Kidogo.

Ijumaa, 6 Machi
Kiu. Mvua inapiga mabati ya mtaa wetu mzima wa Shituru, na mimi sina ruhusa ya kunywa. Nimetoa mkono dirishani, nimelamba.

Shavu la mguu linauma ndani ya plasta. Si mfupa. Mfupa naujua. Hii ni kama mtu anakamua nguo. Vidole vimevimba, havitaki kucheza.

Nimeomba, kweli. Nimeomba Tantine aanguke. Nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 7 Machi
Asubuhi paja limevimba, la moto. Nimemwonyesha Tantine. Amefurahi: adui anahangaika, anataka kutoka.

Bamama wamenizunguka. Tantine ameweka mikono juu ya paja, anakandamiza, ananiamuru nitaje jina la anayenikula. Taja. Taja. Mimi darasani nikiitwa ubaoni nalia. Sijawahi kusema mbele ya watu watano.

"Hakuna mulozi, Tantine. Ni weye njo unanikula."

Mikono ikatoka pajani. Halafu kofi.

Ndipo nikapiga kelele, kelele ambayo sikujua ninayo, ya kumwita Papa. Ametoka chumbani kifua wazi, macho mekundu ya zamu. Nimemwambia damu imeganda, sindano sina, maji sina. Ameangalia paja.  Akanibeba mgongoni mpaka barabarani, bila shati, mvuani, akisimamisha teksi.

Jumatatu, 9 Machi
Hospitali. Plasta imepasuliwa upande mmoja. Mashine imeonyesha bonge juu ya goti. Mapafuni halijafika. Munganga amemfokea Papa kwa Kifaransa. Mara hii nimetafsiri kila neno, la tumbo pia.

Sindano sasa ni mbili kwa siku. Anachoma muuguzi, kijana, tumbo wazi. Sijali.

Tantine amekuja na bukari na samaki. Anasema kama tusingefunga ningekuwa nimekufa, na Jumapili nikitoka nitatoa ushuhuda kanisani. Nimegeukia ukuta. Hakuomba msamaha. Chakula nimekila alipoondoka. Nilikuwa na njaa.

Jumapili, 22 Machi
Nyumbani. Tantine na bamama wake wameenda kanisani bila mimi na Papa. Tantine alikuwa amenipigia gauni pasi. Papa alimwambia, "Mutoto haendi," akaendelea kufunga kamba za viatu. Huenda sasa hivi Tantine anautoa yeye ushuhuda wangu. Autoe.

Mtaa umetulia. Nimetembea na magongo mpaka reli. Polepole. Papa nyuma yangu, amebeba kiti cha plastiki, iwapo nitachoka.  Relini akakiweka chini, akakipangusa kwa kiganja.

Sikukaa. Akakaa yeye.