Breki za Bundala

Sumbawanga, 4 Juni 1995

Mwanangu Adriano,

Salaam. Sisi wazima, ila mgongo unanisumbua na baridi ya huku unaijua. Kama nawe hujambo huko Dar, nisikilize.

Ulikuja na hiyo kampuni yako inayounda mitambo ya kuwapimia mainjinia magari, mkalipandisha lori la baba yako mdogo Modesti juu ya vyuma vinavyozunguka, mashine ikajipimia yenyewe, ikatema karatasi: breki mbovu. Nawe ukalizuia mbele ya watu! Modesti aliyekusomesha baba yako alipofariki! Lori hilo alilinunua ushirika ulipokufa, na ndilo linalotulisha. Huna haya.

Mama yako, Marsiana

Dar es Salaam, 17 Juni 1995

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, pole na mgongo. Nami nimekasirika. Mashine haijui baba mdogo. Mteremko wa kwenda Mtowisa unaujua, na watu anaowapakia juu ya magunia unawajua. Anunue breki mpya. Wenzangu bado wako hapo, wampimie tena.

Mwanao, Adriano

Sumbawanga, 2 Julai 1995

Mwanangu,

Hali zetu njema, tena njema kuliko ulivyotutakia. Lori limepita! Modesti kaazima breki za Bundala, yule Msukuma anayepakia ng'ombe. Malori yao ni aina moja. Mwenzako kapima, karatasi ikatoka safi, jioni tukamrudishia Bundala breki zake. Watu huazimana suti ya harusi, sembuse breki? Mwisho wa mwezi nashuka nalo Mtowisa, kwenye komunio ya mtoto wa dada yako Luciana. Kwaya nzima inapanda. Punguza kiburi.

Mama yako

Dar es Salaam, 18 Julai 1995

Mama,

Shikamoo. Leo siulizi habari. Breki zilizopimwa ziko kwa Bundala! Nyinyi mtashuka mlimani na zile zile mbovu. Nimemwomba bosi aifute karatasi, kanijibu siku hizi ni biashara huria, mteja karidhika, niache kelele. Tumegombana. Barua hii nampa dereva wa basi aifikishe mkononi mwako. Usipande. Nakukataza, Mungu anisamehe.

Mwanao

Sumbawanga, 30 Julai 1995

Adriano,

Niko hai, ndiyo habari unayoitaka. Barua ilinifikia asubuhi ya safari, kwaya wakiwa juu ya magunia wanaimba. Nikamwuliza Modesti, mlimani zinashika? Akacheka: "Shemeji, pale huwa namwachia Mungu."

Hasira iliyonipanda! Watoto wa watu wale! Nikachomoa ufunguo, nikautia kifuani. Wakanizomea. Komunio ya mjukuu wangu imenipita, na sasa hivi Modesti yuko mlangoni ananitukana, eti nimemfunga mikono. Nawe bado sijakusamehe kwa kumwaibisha mbele ya watu; ungemwita pembeni.

Lakini ufunguo sitoi. Nunua hizo breki, wewe mwenye mashine, uje uzifunge mwenyewe. Njoo upesi. Hapa hakuna anayenisalimia.

Mama yako