Flaiwili ya Mzee Iddi

Jumatatu, 4 Agosti

Gia boksi ya pikapu ya Mzee Iddi imeshuka saa nne. Imenichuna kiwiko. Pleti ya klachi imekwisha mpaka kwenye riveti. Nililitegemea hilo. Mzee anabeba mbuzi kutoka Chemba, na alisema kwenye mlima injini inalia lakini gari haliendi.

Kilichonitisha ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo pleti inalishika. Imeungua mpaka ikawa ya bluu. Nilipoifuta kwa petroli nikaona nyufa, nyembamba kama nywele, zinatoka katikati kwenda ukingoni. Ikiwa na mikwaruzo inachongwa. Ikiwa na nyufa inatupwa. Baba alitufundisha hivyo wote wawili, mimi na kaka yangu Zakaria, kabla hajatuachia hii gereji.

Zakaria kasema ichongwe. Nyingine haipo Dodoma nzima, mpaka iagizwe Dar, na yeye kamwahidi mzee gari kabla ya Nanenane.

Nikamwambia, "Kaka, hii itapasuka."

Akanirushia spana. Namba kumi na saba. Imenipiga begani. Nikaiokota nikamrushia. Ikamkosa, ikavunja kioo cha ofisi. Akanishika shingo akanisukumiza ukutani, akasema hapa Nkuhungu kuna bosi mmoja tu. Wateja wawili walikuwa wanatazama. Hakuna aliyesimama.

Namchukia. Naandika hapa ili nisiseme kwa mdomo.

Jumanne, 5 Agosti

Bega halinyanyuki. Nimebeba flaiwili kwa mkono wa kulia mpaka kwa Mzee Malogo, mchonga vyuma.

Aliigeuza, akaigonga kwa nyundo, akasikiliza. Ililia kama kengele iliyopasuka.

"Mwanangu, hii ishachongwa zaidi ya mara mbili. Nikiigusa tena itabaki sahani."

"Chonga, baba."

"Wewe ndiye unayesema?"

"Mimi ndiye."

Basi. Zakaria hakuwepo pale. Shingo yangu haikuwa mkononi mwa mtu. Nilikuwa nimechoka na hasira na nilitaka yaishe. Mzee Malogo alitikisa kichwa, akawasha mashine. Ilitoka inang'aa kama kioo. Nyufa hazikuonekana tena.

Nimefunga pleti mpya, presha pleti mpya, beringi mpya. Juu ya chuma kile.

Jumatano, 6 Agosti

Mzee Iddi kaja kuchukua gari. Nikamwamkia. Kaingiza gia, kaachia klachi taratibu, gari likaondoka bila kustuka. Kacheka. Kasema, "Mkono wako Eliza, Mungu aubariki."

Nikafuta mikono kwa tambara. Nilikuwa na dakika nzima ya kumwambia.

Alhamisi, 7 Agosti

Imepasuka.

Mwajuma, binti wa Mzee Iddi, kapiga simu saa tano. Walikuwa wanapanda, mbuzi kumi na wanne nyuma, mzee anakanyaga mafuta. Ukasikika mlio kama wa bunduki. Kipande cha flaiwili kimetoboa ganda la gia boksi, kikatoboa sakafu, kikapita kwenye mguu wa kushoto wa mzee. Mwajuma alikuwa pembeni yake. Alifunga mguu kwa kanga yake. Anasema kiatu kilibaki kwenye pedali, na mguu ndani yake.

Gari lilirudi nyuma likaangukia kwenye mtaro. Mbuzi waliovunjika wamechinjwa palepale.

Nimemweleza Zakaria nyuma ya gereji. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema tutawaambia mchongaji ndiye aliyeharibu. Nikasema hapana. Akanipiga kofi. Nikasema hapana. Akanipiga ngumi. Aliporudia mara ya tatu, sikukataa tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Watu wote wamekwenda viwanjani. Mdomo umevimba. Hospitali wamemkata mzee mguu uleule, chini ya goti.

Jumamosi, 9 Agosti

Wana wa Mzee Iddi wamekuja watatu, na fimbo za kuchungia. Hawakusalimu. Zakaria alitoka na mikono juu, akaonyesha barabara: "Mchongaji. Ana banda pale kwenye kona."

Walikwenda wanakimbia. Mimi nilisimama. Sijui muda gani. Kisha nikasikia mayowe ya Mzee Malogo.

Nilipofika walikuwa wamemtoa nje, yuko chini, anakinga kichwa. Mkono mmoja ulikuwa umekunjika pasipo na kiungo. Watu wamezunguka, wengine wanarekodi kwa simu. Nikajilaza juu yake.

"Ni mimi! Aliniambia isichongwe! Mimi nimemwambia achonge!"

Walinisikia. Wamenipiga mgongo, kichwa, mapaja. Fimbo moja ilikatika. Mdogo wao alikuwa analia huku anapiga. Sikujikinga. Nilikuwa nahesabu, nikafika ishirini na kitu, nikapoteza hesabu. Waliacha kwa kuchoka.

Mzee Malogo amepelekwa hospitali kwa bodaboda. Mimi nilirudi gereji kwa miguu. Zakaria alikuwa anakunywa chai. Nikachukua mtaimbo. Nimevunja meza, birika, mlango. Aliponirukia nikampiga kwenye mkono alioufanya ngao. Nilisikia mfupa. Alipiga kelele kama alivyokuwa akipiga utotoni, akamwita mama.

Niliinua tena. Kichwa kilikuwa wazi. Nilitaka. Naandika ukweli: nilitaka sana.

Nikautupa mtaimbo uvunguni mwa gari, nisiufikie.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kituo cha polisi mwenyewe. Nimeeleza yote: nyufa, Mzee Malogo, Zakaria, mtaimbo. Askari aliuliza mara mbili kama nina hakika nataka iandikwe hivyo. Nikatia sahihi. Nimeambiwa nisitoke mjini, nitaitwa.

Zakaria amefungwa plasta. Amemwambia shangazi kwamba hana dada.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimekwenda wodini. Mzee Malogo kwanza. Mkono wake wa kazi umewekwa vyuma. Kanipa kiti, kaniuliza kama mgongo unaniruhusu kulala.

Kisha Mzee Iddi. Shuka limelala bapa pale mguu unapoishia.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Nikamwambia nilijua. Jumatatu nilijua, Jumanne nilijua, na Jumatano alipocheka nilikuwa najua. Hakuna kingine nilichokuwa nacho cha kumpa.

"Na mimi nilikwambia Mungu akubariki," akasema. Akageukia ukuta.

Niliinuka. Mwajuma alikuwa amesimama upande wa pili na kikombe cha uji mkononi, hajalala siku ngapi sijui. Hakunifukuza. Alininyooshea kikombe, akakaa chini sakafuni, akafumba macho.

Nikakaa pembeni ya kitanda. Nikapoza uji kwa kijiko. Baadaye mzee aligeuza uso, akafungua mdomo. Hakunitazama.

Alikunywa wote.