Ndoo Sita Ndani ya Bani

Ipole, Jumatano. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu jana.

Nimechoka na watu. Nimechoka zaidi na huu mdomo wangu unaojua kunyamaza pale tu unapotakiwa kusema.

Jana mwenye duka mjini Tabora alifungua ndoo ya kwanza ya asali, akaonja, akatema pembeni. "Dada, hii inanuka tumbaku." Zote sita zikawa hivyo hivyo. Nikarudi nazo kwa basi.

Asali yenyewe si yetu peke yetu. Ni ya akina mama wa vitongoji vitatu, na waliyemwamini kuirina, kuichuja na kuitunza ni Mama. Leo asubuhi, habari zikiwa zimewafikia, walikuja nyumbani. Hakuna aliyepaza sauti, ila mama mmoja wa ng'ambo ya mto alisema, "Umefukiza nyuki kwa majani ya tumbaku, dada. Umeona uvivu kutafuta magome makavu."

Mama yangu! Aliyeanza kurina asali kabla hajaolewa! Akajibu tu, "Nimesikia." Wakaamua msimu ujao asali irinwe na kutunzwa na mtu mwingine.

Nilikuwa pale pale na sinia la viazi mkononi.

Nikawagawia viazi.

Ukweli ni kwamba Mama alikuwa Goweko msibani, siku nne, akaniachia ndoo. Niliogopa wezi. Jengo letu pekee lenye kufuli ni bani la kukaushia tumbaku, basi nikazipanga humo, zimefunikwa kitambaa tu, katikati ya majani. Kwamba asali hunyonya harufu, hata watoto wa hapa wanajua. Mimi niliyesoma nikawaza kufuli. Kisha nikazipeleka mjini kabla Mama hajarudi jana jioni.

Mchana nilimfuata jikoni nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja. Hakugeuka, aliendelea kusonga ugali.

"Nilijua jana, nilipofunua ndoo," alisema. "Nilikuwa nangoja useme mbele yao."

Nililia kama mtoto. Alinipa sahani, nikashindwa kula.

Jumapili baada ya ibada wote watakuwepo, nami nitasimama. Lakini najijua, naweza kuogopa tena. Ndiyo maana naandika hapa kwanza: binti wa yule mama wa ng'ambo ya mto husoma blogu hii kila ninapochapisha.

Nabonyeza sasa.