Choki Niliyoifunga Siku ya Njiwa

Shikamoo, Baba.

Sijazoea kuendelea na maneno kabla hujaniitikia, ila leo naendelea hivyo hivyo, maana gari la kumpeleka Mama hospitali ya mjini linakuja saa tatu na nina jambo nataka ulisikie wewe kabla ya polisi. Nimempiga Mama risasi kwa bunduki yako. Yu hai. Ana marisau manne, zile punje za risasi, ndani ya mkono wa kulia, juu ya kiwiko, na mkono umevimba mpaka tumelazimika kuchana gauni ili kumvua.

Nisikilize mpaka mwisho, tafadhali. Usiondoke kama ulivyokuwa ukiondoka kila nikianza kujitetea.

Tulipokuzika, bunduki ilikwenda kituoni wiki ile ile, kama sheria inavyotaka. Baba mdogo Yona alijua itarudi kwake, mdogo wako wa kiume, mwenye kofia ya kuwindia ambayo hajawahi kuwinda nayo. Mimi nikaomba leseni. Kamati ya kijiji ikaniita, kata ikaniita, wilaya ikaniita, na kila nilipokwenda hakukosekana mzee wa kuuliza kama nitaweza kuibeba. Niliwajibu kwamba nimebeba ndoo za maji hapa Mgori tangu darasa la pili, shotgani ni nyepesi. Ungekuwepo ungenifinya. Miezi ikapita, leseni ikatoka, na Mama akacheza uani mbele ya kuku. Tangu uondoke sikuwa nimemwona akicheza.

Ndiyo maana naipenda, Baba. Nakwambia ujue ninachokwenda kukiacha.

Zile choki zako tatu bado ziko kwenye kopo la mafuta ya mgando, kila moja imeviringishwa kitambaa chake. Nakumbuka siku uliyonionyesha kazi ya kale kapete kanakofungwa mdomoni mwa mtutu. Ulitundika gunia tupu la pumba, ukahesabu hatua ishirini, ukapiga na choki iliyo wazi. Marisau yakatapakaa gunia zima, mapana kama ungo. Ukafunga ile inayobana, ukapiga gunia jingine kutoka pale pale, na matundu yote yakakusanyika mahali pamoja, sahani ingeyafunika. Ukasema, "Njiwa wa karibu mpe iliyo wazi. Ukimpa inayobana utamkosa, au utampata usikute nyama." Ile ya kati ukasema ni ya mtu asiyejua anachotaka, na ndiyo uliyokuwa ukiitumia kila siku. Nilicheka mpaka ukanipa yale magunia niyashone.

Jumamosi njiwa waliingia shambani. Alizeti imekauka, vichwa vimeinama, na unawajua tetere, wakishagundua shamba wanavyoalikana. Kibali cha afisa wanyamapori ninacho. Nikatoka na bunduki, na Baba mdogo akaja, hakuitwa na mtu, akapindua ndoo akaikalia. Akaanza. Funga inayobana, hao wameshaogopa, hawakai karibu. Nikamwambia naona hatua ishirini na tano, ya kati inatosha. Akasema, "Ya kati ni ya wanawake."

Nikafunga inayobana.

Umbali haukuniambia nifunge hiyo. Baba mdogo ndiye aliyeniambia, kwa ule mdomo wake aliouweka upande. Na hata hapo sikutulia. Nikaifungua, nikarudisha ya kati, nikaitoa tena. Robo saa nzima nimeinamia vyuma, nikitaka aone kwamba najua. Wakati huo kile ulichokuwa ukikifanya kabla hata ya kulifungua kopo sikukifanya.

Wewe ulikuwa ukisimama ukingoni mwa shamba na kuita. Unawaita watu wa nyumbani na majirani wote, mmoja mmoja, "Mama Naomi, uko wapi?", "Mzee Hamisi, uko wapi?", na bunduki huigusi mpaka kila mmoja ajibu alipo. Njiwa wote wanaruka wanakwenda zao, tunakaa chini nusu saa kusubiri warudi. Shuleni walikuwa wakiigiza hiyo sauti yako nikipita, na mimi nilikuwa naona aibu, Baba, sikuwahi kukwambia. Jumamosi aibu ile ile ikanishika mbele ya Baba mdogo. Njiwa walikuwa wameshatua, nikaona nikianza kupiga kelele atacheka. Nikanyamaza.

Tetere mmoja akainuka kutoka kwenye vichwa vya alizeti, chini kabisa, hajapanda. Ulinifundisha kwamba nisipoona anga nyuma ya ndege nisipige. Nyuma yake niliona majani makavu. Nikapiga.

Halafu nikamsikia Mama. Alisema "Jamani." Hakupiga kelele. Alisema hivyo tu, kama mtu aliyemwagiwa maji, na sauti ilitoka kwenye yale majani.

Alikuwa ameinama upande wa bondeni anaokota vichwa vilivyodondoka. Nilimkuta ameketi chini, beseni limepinduka, anaushika mkono na kuutazama. Damu haikuwa nyingi. Nilishindwa kumgusa. Kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Nimeanguka kwenye miiba. Umenielewa, Naomi? Nimeanguka kwenye miiba." Hata kulia sikuwa nimeanza, yeye ameshapanga maneno ya kuniokoa.

Alijua hospitali watataka PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, na polisi watataka kujua nani alipiga. Bunduki itachukuliwa, mimi nitawekwa ndani. Basi akakataa kwenda. Marisau yaliyoingia yalikuwa sita. Baba mdogo alitoa mawili kwa wembe, Mama ameuma kanga, mimi nimeshika beseni lile lile la alizeti. Yaliyobaki yako ndani sana. Zahanati tulikwenda tukasema ni miiba, tukapewa vidonge vya miiba. Majirani tukawaambia miiba. Mzee Hamisi alileta maziwa akasema miiba ya bonde hili ni mibaya, nikamjibu ndiyo, mzee, ni mibaya, nikampokea maziwa kwa mikono miwili.

Siku tatu nimepiga hesabu ya kijinga. Kwamba ningefunga iliyo wazi, pale Mama alipokuwa marisau yangekuwa yametawanyika, angepatwa na moja, au lisingempata hata moja. Kwamba ya kati ingempa mawili. Nilikwenda mpaka bondeni nikahesabu hatua kutoka niliposimama mpaka kwenye beseni. Hatua thelathini na nane. Nikasimama pale nikamchukia Baba mdogo kwa moyo wangu wote. Halafu nikakumbuka kwamba hata iliyo wazi ningempigia Mama nayo. Nilitumia robo saa kuchagua choki, na kutazama ninapopiga sikutumia hata muda wa kupepesa macho. Choki haina kosa. Baba mdogo ana mdomo tu, kidole kilikuwa changu.

Leo asubuhi Mama ameshindwa kushika kikombe cha uji. Kilimponyoka, akacheka, akasema vikombe vya siku hizi vinateleza. Vidole vimekuwa vinene na mwili unachemka. Nikamwambia tunakwenda mjini na ninakwenda kusema ukweli. Amenigombeza, Baba, kwa Kinyaturu, kama nilipokuwa na miaka sita. Amesema, "Hiyo bunduki ndiyo mkono wa baba yako uliobaki hapa nyumbani." Nikamjibu kwamba mkono ninaouona mimi ni wake, na unaoza. Sasa hivi yuko ndani anavaa, hataki nimsaidie kufunga vifungo.

Baba mdogo amekuja mapema, bila kofia. Amenivuta pembeni akaniambia niseme ilijifyatua yenyewe nikiisafisha, polisi wanaelewa mambo hayo. Nimemwonea huruma, na nimemkatalia. Nikisema ilijifyatua, kesho nitatunga jingine la kufunika hilo, na Mama atalazimika kukariri uongo wangu huku ana homa.

Naogopa. Naandika kwa haraka na mwandiko wangu unauona. Sijui watanishika kwa siku ngapi, au kwa miaka. Sijui kama daktari ataniambia tumechelewa, na hilo linanitisha kuliko polisi. Nikikaa nasikia lile "Jamani". Ningependa unikaripie. Tangu Jumamosi hakuna aliyenikaripia kwa lile nililofanya, wote wananificha tu, na nimegundua kufichwa kunachosha kuliko kuchapwa.

Gari nalisikia linapanda kutoka barabara kuu. Bunduki iko mezani ndani ya mfuko wake, haina risasi, nimeikagua mara tatu. Choki ile inayobana imo bado mdomoni, sijathubutu kuigusa. Nitaiweka bunduki mbele ya polisi ilivyo. Nitasema nilipiga chini, sikuona anga, sikuuliza nani yuko wapi. Nitasema na miiba pia, kwamba tulidanganya. Mambo ya nani alisema choki gani ni ya wanawake sitayataja, hayakufyatua kitu.

Mama ametoka. Amevaa lile gauni la bluu la kanisani, mkono mmoja wa gauni unaning'inia mtupu. Ananitazama nikiandika na hajauliza naandika nini.

Kwaheri, Baba. Naahidi Mama hatalala siku moja zaidi na marisau yangu mwilini ili mimi nibaki na bunduki yako.

Binti yako,
Naomi