Tangu Nilipoacha Vidonge

Tarehe 6 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Huko kufua mashuka ya hoteli bado kunakuachia mikono? Mimi sijambo, cherehani nayo haijambo, inanung'unika tu kama mwenye nyumba.

Nina habari njema. Vile vidonge nilivyoandikiwa na daktari baada ya msiba wa baba yako, vya kunituliza na kuniletea usingizi, nimeviacha. Vyote, kwa mara moja. Jirani yetu Mama Redio, huyo asiyepitwa na habari, kaniambia nikiendelea vitanitawala. Na mwenyewe nilijiona nimepona. Nimevimwaga chooni. Mama yako kawa msichana!

Wako,
Mama

Tarehe 15 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono ipo, ngozi ndiyo inayobanduka. Nimefurahi umechangamka, ila moyo umekataa kutulia. Daktari ulimuuliza? Dawa umeimeza karibu mwaka mzima. Mwenzangu hapa kazini alikatisha ya kwake ghafla, akawa anatetemeka hata kikombe hakishiki. Nenda ukaulize tu, kuuliza hakuumizi. Unijibu upesi.

Binti yako

Tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Salama? Mimi hivyo hivyo. Usingizi umenikimbia, mikono inacheza, uzi hauingii kwenye sindano. Lakini usinihurumie. Baba yako amerudi.

Usinicheke. Nilikuwa nakata kitambaa, mchana kweupe, nikasikia kikohozi chake kwenye korido, kile cha kusafisha koo kabla ya kuingia. Kisha harufu ya rangi, vile vile alivyokuwa akinuka akitoka kupaka nyumba za watu. Jana alisimama mlangoni na ovaroli lake. Nikamwambia, "Karibu ukae." Akasema, "Sikai, nimepita tu." Tukazungumza. Amekutaja wewe.

Kwa daktari siendi. Nikivimeza tena ataondoka. Nimeshamzika mara moja, ya pili siiwezi.

Mama

Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mbele ya mashine, nikasahau mashuka ndani. Mama, mimi sikumzika baba hata hiyo mara moja. Kazini walininyima ruhusa ya kuja, unajua. Nilipofika kwenye "amekutaja wewe" nilitaka kukuuliza palepale alisema nini. Sitauliza. Na wewe usiniambie. Nikijua, nitakuomba umwache aendelee kuja.

Nilikwenda kwa mfamasia wa mtaa huu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama yako hana wazimu, wala nyumba haina pepo. Mwili ulizoea dawa, ukanyang'anywa ghafla. Anaweza kuanguka kifafa. Aende hospitali leo hii. Asijirudishie dawa mwenyewe nyumbani, daktari ndiye atakayejua aanzie wapi."

Mzazi nimebakiwa na mmoja. Nakupigia magoti.

Binti yako

Tarehe 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Mtu akikohoa hapa kazini nageuka. Wenzangu wameanza kunitazama. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Nipo. Mwandiko ni wangu, ingawa umepinda.

Barua yako ya mfamasia niliisoma nikaiweka kando. Nilikuwa nasikiliza korido. Siku ileile nikaanguka karibu na meza ya kukatia, mkasi ukanikosa shingo kidogo tu. Mimi sikumbuki. Mama Redio ndiye aliyesikia kishindo. Yeye na mumewe walinibeba hadi hospitali, naye analia, "Mdomo wangu huu!" Nimemwambia vidonge nilivimwaga kwa mkono wangu. Tulipaswa kumuuliza daktari kwanza, basi.

Daktari amenirudishia dawa. Nikishatulia ataipunguza kidogo kidogo, itachukua miezi, na kila akipunguza nirudi anitazame. Hakunigombeza. Aliniuliza baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Nilieleza mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakaanza kugonga mlango.

Haji tena. Mwanzoni kule hospitali nilikuwa nikisikia kikohozi kwa mbali, kama cha nyumba ya tatu. Kisha hakuna. Niliporudi hapa nilivuta kiti, nikakaa mchana kutwa nikimngoja. Korido ni korido tu. Nikalia, mwanangu, kilio ambacho msibani hakikutoka, maana walinituliza kwa vidonge kabla sijaanza.

Ulinikataza kukuambia alichosema. Nakuambia, kwa sababu sasa najua hakuwa yeye. Alikuwa akisema, "Mwite mtoto arudi, nyumba imekuwa kubwa mno." Baba yako hakuwahi kusema hivyo maishani mwake. Yeye alikuwa wa "mwacheni mtoto atafute maisha yake."

Anayekuita ni mimi.

Mama yako